NHA TRANG: MJI WA BAHARI NA NCHI YA UDI

Nyumba za Kiislamu za mwambao wetu zisizokuwa na chetezo ni chache. Nguo za bibi arusi hufukizwa udi, chumba cha mgeni hufukizwa udi, na usiku wa maulidi moshi wake hutangulia sauti ya msomaji. Wala si mila tu, kwani imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kuwa vyetezo vya watu wa Peponi vitafukizwa kwa udi, na katika Sahihi ya Muslim imepokewa kuwa Bwana Mtume (s.a.w.) akijifukiza udi, na pengine akichanganya na kafuri.

Lakini mwulize kijana wa leo udi huu watoka wapi, naye atakujibu: watoka Arabuni. Jibu hili si la kulaumiwa sana, kwa kuwa ni Waarabu waliotuletea majahazini mwao. Ila mti wenyewe si mti wa Arabuni. Ni mti wa misitu yenye mvua nyingi ya mashariki: Assam katika Bara Hindi, Malaya, visiwa vya Indonesia, Kambodia na Vietnam. Na miongoni mwa nchi zote hizo, pwani ya kati na ya kusini ya Vietnam imesifiwa kwa udi wake tangu zamani. Katika pwani hiyo umo mji uitwao Nha Trang, makao makuu ya jimbo la Khánh Hòa, ambalo wenyeji wenyewe huliita nchi ya udi.

Siku hizi mji huu watajulikana ulimwenguni kwa mchanga na mahoteli. Watu wetu nao wameanza kusafiri upande huo, wengine kwa biashara na wengine kwa mapumziko pamoja na watoto. Kwa hiyo twaona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu yaliyomo katika mji huo, na namna Mwislamu anavyoweza kuutembelea akarudi na zaidi ya picha. Mwenyezi Mungu Mtukufu ametuamrisha katika Suratul-An'am, na katika sura nyingine pia, kutembea katika ardhi na kuangalia mwisho wa waliotutangulia. Basi safari ni kuangalia. Na kuangalia si kutazama tu.

WAARABU WALIIJUA PWANI HII

Kabla ya kuingia mjini, yapasa tukumbuke jambo moja. Pwani hii haikuwa ngeni kwa mabaharia wa Kiislamu. Mwaka 851 kiliandikwa kwa Kiarabu kitabu cha habari za Uchina na Bara Hindi, kilichokusanywa kutokana na maneno ya wafanya biashara waliokuwa wakitweka kutoka Siraf, katika Ghuba ya Uajemi, mpaka Uchina. Katika vituo vyao vya njiani wametaja nchi iitwayo Sanf, walikopata maji matamu na udi ulioitwa kwa jina la nchi hiyo, yaani udi wa Sanf. Sanf ni namna ya Kiarabu ya kutamka Champa, ufalme uliotawala pwani hii kwa zaidi ya miaka 1,000.

Tazama basi, ndugu msomaji: pepo za msimu zilizowaleta wafanya biashara wa Arabuni na Uajemi mpaka Pemba na Kilwa, ndizo zilizowachukua wenzao mpaka Champa. Bahari yetu na bahari yao zilikuwa ni njia moja, na udi ulikuwa ni mzigo mmoja katika mizigo ya njia hiyo.

SURA YA MJI

Nha Trang uko mwendo wa kilomita zipatazo 430 kwa njia ya gari kutoka mji mkubwa wa Ho Chi Minh City, ambao zamani ukiitwa Saigon. Mgeni wa ndege huteremka katika uwanja wa Cam Ranh, kiasi cha kilomita 30 kusini ya mji. Cam Ranh ni ghuba yenye kina kirefu. Wakati wa vita vya Vietnam majeshi ya Marekani yalijenga hapo kambi kubwa, na uwanja wa ndege ulioachwa na vita hivyo ulifunguliwa kwa abiria wa kawaida mwaka 2004. Apendaye kutazama nchi polepole atakuja kwa gari moshi, kwa maana mji huu umo katika njia ya reli itokayo Hanoi mpaka Ho Chi Minh City, ambayo ilikamilishwa mwaka 1936.

Mji umelazwa baina ya milima na bahari, na mbele yake zimetawanyika visiwa vingi vikubwa na vidogo vinavyoukinga na mawimbi. Mchanga wake umejipinda kama mwezi mchanga kwa kiasi cha kilomita 6, na sambamba nao yapita barabara iitwayo Trần Phú yenye minazi upande mmoja na mahoteli marefu upande wa pili. Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam hatajiona mgeni, kwa kuwa huko nako bahari iko mashariki, na jua hutoka majini.

Wakati bora wa kuuona ufuko ni baada ya sala ya Alfajiri. Saa hiyo wenyeji, wazee kwa vijana, huteremka kuogelea na kunyoosha viungo kabla ya jua kuwa kali, na saa mbili baadaye wamekwisha kurudi makazini mwao. Familia ya Kiislamu itaona raha katika saa hiyo, kwani watalii wanaokaa nusu uchi bado wamelala. Wanaokwenda mchana kati wasije wakashangaa kwa watakayoyaona, wala wasitoe maneno makali kwa watu wa nchi ya wenyewe. Kuinamisha macho ni amri tuliyopewa sisi, nasi ndio tunaopaswa kuitii.

Mvua nyingi za huko hunyesha tangu Oktoba mpaka Desemba, na pengine hufuatana na tufani. Ile ya Novemba 2017 iliyoitwa Damrey ilileta hasara kubwa na vifo katika jimbo hili. Miezi mikavu ni ile ya tangu Januari mpaka Agosti, nayo ndiyo iliyo bora kwa msafiri mwenye watoto.

MINARA YA PO NAGAR

Kaskazini ya mji, pale Mto Cái unapomwaga maji yake baharini, pana kilima kidogo, na juu yake imesimama minara ya matofali mekundu iitwayo Po Nagar. Hili ndilo jengo la kale kuliko yote mjini, na mgeni asiyelitazama hawezi kusema ameiona Nha Trang.

Lilijengwa na watu wa Champa, ambao dini yao wakati huo ilikuwa ni ya Kihindu. Mwaka 774 watu waliokuja kwa merikebu kutoka upande wa Java walilichoma moto hekalu la kwanza, na mnamo mwaka 784 mfalme wa Champa akalijenga upya kwa vitu vya kudumu. Wafalme waliomfuata waliendelea kuongeza majengo mpaka karne ya 13. Minara iliyobakia leo ni minne, na ule mkubwa una urefu wa mita zipatazo 23. Mbele yake, chini ya ngazi, zimesimama nguzo nene za matofali zenye pande nane. Zilikuwa ni za ukumbi ambao paa lake lilikwisha anguka zamani.

Atakayekaribia kuta atastaajabu, kwani matofali yameshikana bila ya chokaa kuonekana baina yake, na hata leo wataalamu hawajaacha kujadiliana juu ya namna mafundi hao walivyoyagandisha.

Hekalu hili si gofu tupu. Champa ilikwisha ondoka, lakini Wavietnam waliokuja baada yake walimchukua mungu wa kike wa hapo wakampa jina la kwao, na mpaka leo watu humwendea kwa maua na ubani. Hapa ndipo Mwislamu anapohitaji adabu. Sisi hatushiriki ibada hiyo, hatuinamii sanamu, wala hatuweki sadaka mbele yake. Hilo halina mjadala. Lakini katika Suratul-An'am, sura ile ile iliyotuamrisha kutembea na kuangalia, tumekatazwa pia kuwatukana wale wanaoabudiwa na wengine. Basi mtu asimame nje ya mlango, atazame kazi ya mafundi, awafahamishe watoto wake, na aende zake kwa salama. Na jambo moja litawafurahisha mama zetu: mgeni aliyevaa nguo fupi haruhusiwi kuingia katika minara mpaka ajifunike, na walinzi wana majoho ya kumwazima. Anayeingia na buibui yake au kanzu yake hana la kuazima.

Yumo tena udi katika habari za kilima hiki. Wenyeji husimulia hadithi kuwa mungu wao huyo aliingia ndani ya gogo la udi lililochukuliwa na mafuriko mpaka nchi ya kaskazini, huko gogo likaokotwa na mtoto wa mfalme. Hadithi hiyo ni ya kubuni, na sisi hatuiamini. Lakini yatuonyesha ni kwa kiasi gani mti huo ulikuwa ndani ya mawazo ya watu wa nchi hii.

MTI ULIOJERUHIWA

Na sasa tuuzungumze mti wenyewe. Ufukoni, katika uwanja ulio katikati ya barabara ya Trần Phú, upo mnara wa kisasa ulioitwa kwa jina la udi, na umbo lake ni kama la ua la yungiyungi. Karibu na hapo, na katika maduka mengi ya mji, wauzwa udi wa kila namna: vipande, mafuta, vijiti vya kufukizia, hata na tasbihi.

Mti wa udi ukiwa mzima hauna harufu. Ubao wake ni mweupe na mwepesi, na thamani yake ni ndogo. Lakini ukipasuliwa na upepo, ukatobolewa na wadudu au ukaumizwa na mwanadamu, kisha kuvu ikaingia katika kidonda, mti hutoa utomvu wa kujikinga. Utomvu huo hujaa katika ubao polepole kwa miaka, ukaufanya mweusi na mzito, na huo ndio udi. Wavietnam huuita trầm, na maana yake ni kuzama, kwa sababu kipande kizuri hutupwa majini kikazama badala ya kuelea. Daraja iliyo juu ya zote huitwa kỳ nam, na bei yake ni ya matajiri wakubwa.

Mwenye kutafakari ataliona somo. Manukato yanayofukizwa katika majumba ya wafalme, na yaliyotajwa katika sifa za Pepo, asili yake ni kidonda. Mti ambao haukupatwa na dhara hauna kitu cha kumpa mtu. Ni waumini wangapi ambao harufu njema ya tabia zao imetoka katika misiba waliyoivumilia!

Ila lipo na somo la pili, nalo ni chungu. Mti ulio na udi ndani hautambulikani kwa urahisi na ule usio nao, kwa hiyo watafutaji waliingia misituni wakakata mizima na mibovu pamoja. Kazi hiyo imeendelea kwa muda mrefu hata aina ya mti wa udi iotayo Vietnam imehesabiwa miongoni mwa miti iliyo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka msituni. Mwaka 2004 mataifa yaliafikiana kuitia jamii nzima ya miti hii katika orodha ya viumbe ambavyo biashara yake ya nje haifanyiki ila kwa kibali. Leo udi mwingi halali watoka katika mashamba, ambako wakulima huitoboa miti matundu kwa makusudi ili iumie na kutoa utomvu.

Kwa hiyo atakayenunua udi Nha Trang na aulize mambo mawili. Kwanza, je, ni udi wa shamba, na una hati ya kuusafirisha? Pili, je, ni udi kweli? Maana ziko mbao za kawaida zilizochovywa katika mafuta na kupakwa rangi zikauzwa kwa wageni kwa bei ya udi. Uislamu umekataza ghushi kwa muuzaji, na umekataza israfu kwa mnunuzi. Na anayenunua kitu kilichoibiwa msituni asidhani kuwa moshi wake utaisafisha nyumba yake.

NYUMBA ZA ELIMU

Vijana wetu wanaosoma sayansi wana mahali pawili pa kuzuru. Pa kwanza ni jumba la kumbukumbu la Alexandre Yersin, lililomo katika Taasisi ya Pasteur iliyo ufukoni. Yersin alizaliwa Uswisi mwaka 1863, akafika Nha Trang mwaka 1891. Mwaka 1894 alikwenda Hong Kong ambako tauni ilikuwa ikiua watu, na huko, katika kibanda cha miti na nyasi, akakigundua kijidudu kinacholeta ugonjwa huo. Kijidudu hicho leo chaitwa kwa jina lake. Mwaka uliofuata akaanzisha maabara Nha Trang, akaishi hapo miongoni mwa wavuvi, akiwatibu maskini bila ya malipo, mpaka alipokufa mwaka 1943. Amezikwa Suối Dầu, kusini ya mji, na wenyeji wangali wakimtaja kwa wema.

Tauni haikuwa ngeni katika historia yetu. Mwaka wa 18 Hijria iliwapata Waislamu katika nchi ya Sham, na Sayyidna Omar (r.a.) akageuka njiani asiingie huko, na ilipokewa kwa Bwana Mtume (s.a.w.) amri ya kutoingia katika nchi yenye tauni, na kutotoka humo kwa kuikimbia. Amri hiyo ilitufikia zaidi ya karne 12 kabla ya jicho la mwanadamu kukiona kijidudu chenyewe. Mwislamu asimame mbele ya darubini ya Yersin kwa shukurani mbili: shukurani kwa mafundisho aliyopewa, na shukurani kwa kila mtu aliyefanya bidii kuwaokoa viumbe wa Mungu. Kisha ajiulize: mbona watoto wetu si wengi katika kazi kama hiyo?

Pa pili ni Taasisi ya Elimu ya Bahari iliyoko Cầu Đá, karibu na gati, ambayo ilianzishwa mwaka 1922. Ndani yake mna matangi ya samaki walio hai, kasa, na maelfu ya viumbe waliohifadhiwa katika chupa. Kinachowavuta watoto zaidi ni mifupa ya nyangumi iliyounganishwa na kusimamishwa kama alivyokuwa, urefu wake mita zipatazo 18. Mzazi atakayepeleka watoto wake hapo ana nafasi nzuri ya kuwasimulia habari za Nabii Yunus (a.s.) na samaki aliyemmeza.

PAGODA, KANISA NA VISIWA

Juu ya kilima kingine mjini yaonekana sanamu kubwa nyeupe ya Budha, katika pagoda iitwayo Long Sơn. Sanamu hiyo ilijengwa katika miaka ya 1960, na kwenye kitako chake zimechongwa sura za watawa waliojitoa roho mwaka 1963 kupinga dhuluma iliyofanyiwa Mabudha na serikali ya Saigon ya wakati ule. Si mbali na stesheni ya gari moshi limo kanisa kuu la Kikatoliki, lililojengwa baina ya miaka 1928 na 1933. Majengo haya mawili yamfahamisha mgeni kuwa mji huu ni wa dini nyingi, na kila moja ina historia yake ya furaha na majonzi.

Wapendao bahari huenda Hòn Chồng, ambako majabali makubwa yamepandana juu ya maji kama yaliyopangwa na mkono, ama hupanda mashua kwenda visiwani. Kisiwa kikubwa kuliko vyote ni Hòn Tre. Mwaka 2007 kiliunganishwa na nchi kavu kwa vibanda vinavyopita angani juu ya kamba za chuma, umbali wa zaidi ya kilomita 3. Kisiwa cha Hòn Mun chajulikana kwa matumbawe yake, na tangu mwaka 2001 maji yake yamewekwa chini ya hifadhi. Hata hivyo mwaka 2022 ilibidi wakuu wa mji wasimamishe kuogelea na kupiga mbizi hapo, kwa sababu sehemu kubwa ya matumbawe ilikuwa imekufa. Yaliyoupata mti wa udi msituni yamelipata tumbawe baharini: kila mtu alitaka kukiona kizuri kwa karibu, hata kizuri kikamalizika.

NDUGU ZETU WACHAM

Sasa yafaa tuulize: hao watu wa Champa waliojenga minara na kuuza udi, wako wapi?

Ufalme wao ulisukumwa kusini hatua kwa hatua na Wavietnam. Mwaka 1471 mji wao mkuu wa Vijaya ulianguka. Mwaka 1653 nchi ya Kauthara, ambayo ndiyo hii ya Nha Trang, ikatoka mikononi mwao. Mwaka 1832 sehemu yao ya mwisho, Panduranga, ikafutwa kabisa katika ramani. Katika karne hizo hizo za kupotewa na nchi, wengi wao waliingia katika Uislamu, dini iliyowafikia kwa njia ya bahari na kwa ndugu zao wa Kimalayu. Baada ya 1832 mfalme wa Vietnam aliwabana sana, na mwaka 1833 mwalimu mmoja wa dini aitwaye Katip Sumat aliongoza mapigano dhidi yake, lakini yalizimwa mwaka uliofuata.

Wacham waliomo Vietnam leo ni zaidi ya 170,000. Wako wanaofuata bado dini ya Kihindu ya wazee wao. Wako Waislamu wa Sunni, hasa katika bonde la Mto Mekong karibu na mpaka wa Kambodia, wenye misikiti na madrasa kama sisi. Na liko kundi la tatu liitwalo Bani, likaalo upande wa Phan Rang, kiasi cha kilomita 100 kusini ya Nha Trang, na mbele yake. Tangu tarehe 1 Julai 2025 jimbo la Ninh Thuận, ambamo Phan Rang imo, limeunganishwa na Khánh Hòa, hata Wabani wengi wamekuwa watu wa jimbo moja na Nha Trang.

Habari za Wabani zamgusa kila Mwislamu. Kwa muda mrefu walikatwa na ulimwengu wa Kiislamu, bila ya mahujaji, bila ya vitabu vipya, bila ya walimu kutoka nje. Qur'ani waliihifadhi kwa kuinakili kwa mikono, kizazi baada ya kizazi. Mwezi wa Ramadhani, ambao wao huuita Ramuwan, si watu wote wafungao. Viongozi wao wa dini huingia msikitini wakafunga na kusali kwa niaba ya jamaa zao, na watu huwaletea chakula cha usiku. Katika miaka ya 1960 baadhi yao walikutana na Waislamu wa Saigon, wakarejea katika sala tano na saumu ya kila mtu, wakajenga misikiti yao, nao wangali wakiishi jirani na jamaa zao Wabani.

Mtu mwepesi wa ulimi atasema kuwa Wabani wameharibu dini. Sisi twasema: atazame kwanza ni nini kilichobakia. Nchi ilikwenda, ufalme ulikwenda, biashara ya udi ilikwenda, na minara yao imekuwa ya kutazamwa na wageni kwa tikiti. Kilichobakia mikononi mwao ni msahafu ulioandikwa kwa mkono na mwezi wa Ramadhani wenye jina lililopindika kidogo. Je, lau sisi tungalikatwa na ndugu zetu kwa muda kama huo, tungalibakia na nini?

Hivyo msafiri mwenye siku moja ya ziada aitumie kwenda Phan Rang. Atauona mnara wa kale wa Po Klong Garai, ataona wanawake wa Kicham wakifinyanga vyungu kwa kukizunguka chungu wenyewe badala ya kukizungusha, kazi ambayo mwaka 2022 UNESCO iliiorodhesha kuwa yahitaji kuokolewa kwa haraka. Na akifika kwa adabu katika msikiti wa Sunni wa huko, salamu yake ya "Assalamu alaykum" itajibiwa bila ya kuhitaji mkalimani.

CHAKULA NA SALA

Nha Trang si mji wa misikiti, na nguruwe huliwa huko kila siku. Supu ya tambi iitwayo phở, hata ikiwa ya ng'ombe, nyama yake yaweza kuwa haikuchinjwa kwa sharia, na mchuzi wa samaki waweza kuwa umepikwa kwa mifupa ya nguruwe. Basi na aulize. Maneno "không thịt heo" maana yake ni "bila ya nyama ya nguruwe." Neno lenye faida zaidi ni "chay", yaani chakula kisicho na nyama yoyote, ambacho Mabudha hukipika kwa ajili ya ibada zao, mikahawa yake ni mingi na bei yake si kubwa. Samaki wabichi wa kuchomwa nao ni wengi, maadamu mtu ameangalia sufuria, wavu wa kuchomea na mafuta. Mikahawa ya Kihindi na ya Kimalayu nayo yapatikana, lakini yafaa kuhakikisha habari za nyama yake kabla ya kuketi.

Kibla cha huko ni magharibi, kikielekea kidogo kaskazini. Msafiri atakayesali ufukoni bahari itakuwa nyuma yake na milima mbele yake. Na nyuma ya milima hiyo ndiko ilikokuwa misitu ya udi.

Basi mzazi atakayerudi nyumbani kutoka Nha Trang, na awakusanye watoto wake siku atakapotia kipande cha udi katika chetezo. Awaambie kuwa harufu hii ilitoka katika kidonda cha mti. Kuwa mti huo umekaribia kumalizwa na tamaa. Na kuwa wenye nchi yake ya asili walikuwa ni watu hodari wa bahari kama wazee wetu, wakapotewa na kila kitu, na kati yao wamo wanaosema mpaka leo kuwa Mungu ni Mmoja. Mwenyezi Mungu awahifadhi ndugu zetu hao, na atujaalie sisi tuwe wasafiri wenye macho. Amin.